Kukimbiza gololi kwa koili: mwongozo wa duara la volti 12 kwa anayeanza

"Gololi inaingia kwenye koili alafu inagoma kutoka, kwanini?" "Mosfeti ya tatu hii inaungua, nakosea wapi?" "Nikipandisha volti si ndo itakimbia zaidi?" Maswali ni haya haya matatu, na wanaouliza karibu wote wameanzia pale pale: kaona video ya bunduki ya koili (waya uliosukwa unaokuwa sumaku ukipata umeme, ndo unarusha chuma), katafuta kapasita (kifaa cha kutunza umeme) kubwa kuliko zote, kasuka koili kwa kukadiria, kabonyeza swichi. Tik! Gololi inasogea kidogo, inarudi, basi, mchezo umeisha.

Mimi nakwambia anza na kitu kingine. Anza na duara. Paipu ya plastiki inayoona, imekunjwa mviringo juu ya ubao, ndani kuna gololi ya chuma, nje kuna koili moja au mbili, gololi inazunguka humo humo haitoki. Inatumia volti 12 tu, hairushi kitu, na kila kosa utaliona kwa macho maana gololi inapita mbele yako tena na tena badala ya kupotea chini ya kabati. Alafu inakufundisha lile jambo ambalo ndo kazi yote ya mashine hizi: kuwasha koili mtu yeyote anaweza, kinachosumbua ni kuizima kwa wakati.

Nadharia ni fupi. Koili yenye umeme inavuta chuma kuelekea katikati yake, kutoka upande wowote. Gololi ikiwa inakuja inavutwa mbele, ikishapita katikati inavutwa nyuma kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo ukichelewa kuzima, ulichoipa unakinyang'anya. Na kabla hujauliza, hapana, kugeuza waya hakutaisukuma gololi, chuma cha kawaida kinavutwa tu haijalishi umeme unaenda upande gani.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Gololi ya beringi ya mm 10, ina uzito wa kama gramu 4. Ijaribu kwa sumaku kwanza. Kuna gololi za stenlesi ambazo sumaku haizishiki kabisa au inazishika kwa kulegalega, hizo hazifai.
- Paipu laini inayoona, upana wa ndani mm 12, urefu mita 1. Ukiikunja duara inatoa kipenyo cha karibu sm 32.
- Waya wa shaba wenye vanishi wa mm 0.5, ule wa kuwaindia mota, mita 20 kwa kila koili.
- Mosfeti IRLZ44N, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kupitia mguu unaoitwa geti, moja kwa kila koili. Angalia hiyo L. IRFZ44N inafanana nayo sura yote ila hiyo inataka volti kama 10 kwenye geti ndo ifunguke vizuri, ukiipa 5 inafunguka nusu nusu na inachemka.
- Dayodi 1N5408 (inapitisha umeme upande mmoja tu) na rezista (inabana umeme) ya omu 3.3 ya wati 5, moja moja kwa kila koili.
- Taa ndogo ya LED ya infraredi (mwanga usioonekana kwa jicho) na fototransista yake inayohisi mwanga huo, jozi moja kwa kila koili.
- Rezista ndogo: omu 220, na omu 10,000 (10k) kadhaa.
- Arduino Nano (kompyuta ndogo unayoiandikia programu), au yoyote ya volti 5.
- Kapasita mbili za mikrofaradi 4700, volti 25.
- Betri ya 12V 7Ah kama zile za UPS, pamoja na fyuzi ya ampia 5 na kishikio chake.
- Taa ya indiketa ya gari, 12V wati 21. Usiiruke hii, utaona kazi yake mbele.
- Ubao, waya mnene wa mm² 1.5, solda, maltimita, superglu, miwani ya kukinga macho.

Adapta ya 12V unaweza kutumia ila nyingi zinajizima zikiombwa ampia 7 ghafla, na wewe utadhani saketi ndo mbovu. Betri haina hayo mambo. Ila betri nayo ikipigwa shoti inatoa ampia nyingi sana na waya unawaka moto, kwa hiyo fyuzi inakaa pale pale kwenye mguu wa chanya, sio mbele huko karibu na koili.

Hatua 1: Suka koili

Tengeneza kwanza kibomba kifupi kinachoteleza juu ya paipu, karatasi ngumu iliyozungushwa na superglu inatosha kabisa, au plastiki nyembamba. Usitumie bomba la alumini wala shaba. Bomba la metali linajigeuza mzunguko wa waya uliofungwa shoti, linakula nguvu ya koili yako kila ikiwaka na kuzima.

Weka kingo mbili za plastiki au mbao, nafasi ya katikati mm 20. Zungusha waya safu kwa safu, kama raundi 36 kwa safu, safu 8. Jumla raundi 290 hivi. Hamna haja ya ukamilifu, ukipata 280 ni sawa, lakini usisuke ovyo kama uzi wa kushonea maana koili inanenepa na raundi za nje zinakuwa mbali na gololi hazisaidii sana. Paka superglu kidogo kila safu mbili.

Kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili kwa msasa mpaka shaba ing'ae, alafu pima. Inatakiwa isome kama omu 1.6. Maltimita za kawaida zinaongopa kwenye omu ndogo, kwa hiyo gusanisha kwanza pini zake mbili, soma, alafu hiyo namba itoe kwenye kipimo chako. Ukipata 0.8 umetumia waya mnene au umeunguza vanishi raundi zikagusana. Ikionyesha njia imekatika kabisa basi hujakwangua vizuri, ndo sababu mara tisa kati ya kumi.

Hatua 2: Unda duara, lakini vaa koili kwanza

Nimesema vaa koili kwanza. Kila mtu anaunganisha paipu, anafurahi, alafu anaangalia koili mkononi. Weka pia gololi ndani, hiyo nayo huwa inasahaulika.

Paipu ikiwa imekakamaa iloweke kwenye maji ya moto dakika chache ilegee, ndo uikunje, la sivyo itajikunja pembe katikati na gololi itakwama hapo milele. Kata ncha zote mbili wima kabisa kwa wembe mpya, zikutanishe bila mwanya, alafu zivishe kipande kifupi cha paipu pana zaidi kwa nje. Ukipitisha kucha kwa ndani kabla ya kufunga usisikie ngazi. Kigingi cha nusu mm tu hapo kinaiba kasi kuliko makosa yako yote ya umeme.

Funga duara kwenye ubao, na ubao uwe bapa. Zungusha gololi kwa mkono kwa kuutikisa ubao, isikilize. Inatakiwa itoe mlio mmoja unaoendelea. Ukisikia tak kila raundi, rudi kwenye maungio.

Hatua 3: Weka sensa mahali pake

Hapa ndo penye utamu wa mashine hii. Sensa ni mwanga unaokatiza paipu: LED upande mmoja, fototransista upande wa pili, gololi ikipita inauziba. Tunawasha koili muda wote mwanga ukiwa umezibwa na tunazima ukifunguka. Gololi ina mm 10 kwa hiyo mwanga unazibwa kwa mm 10 za safari, basi, umbo lenyewe ndo linapiga hesabu ya muda, iwe inaenda taratibu au mbio.

Weka sensa mm 2 nje ya mdomo wa koili, upande gololi inakoingilia. Yaani mm 12 kutoka katikati ya koili. Hapo koili itawaka kitovu cha gololi kikiwa mm 17 kabla ya katikati, na itazima kikiwa mm 7 kabla. Hizo mm 7 ndo akiba yako, maana umeme kwenye koili haukatiki papo hapo, unafifia.

Toboa ubao uweke LED chini ikitazama juu, na fototransista juu ya paipu ikitazama chini. Ukifanya kinyume fototransista inatazama dari na taa za chumba zitaichanganya. Ivalishe kibomba cheusi, hata kipande cha mrija kilichopakwa wino mweusi.

Wiring yake: LED kupitia rezista ya 220 kwenda volti 5. Fototransista, mguu wa emita uende graundi (upande wa hasi), mguu wa kolekta uende pini ya Arduino, na kutoka pini hiyo rezista ya 10k kwenda volti 5. Mwanga ukifika pini inasoma sifuri, gololi ikiziba inasoma moja. Kama huna uhakika LED inawaka, itazame kwa kamera ya mbele ya simu, nyingi zinaonyesha kinuru cha zambarau ambacho jicho halikioni.

Hatua 4: Saketi ya nguvu

Njia ya umeme mkubwa ni hii: chanya ya betri, fyuzi, kapasita zote mbili sambamba, koili, dreni ya mosfeti, na sosi inarudi graundi. Ukiitazama IRLZ44N kwa mbele miguu chini, kutoka kushoto ni geti, dreni, sosi. Kapasita ziwe karibu na koili, sentimita chache tu, na angalia mstari wa hasi, ukizigeuza zinavimba na kupasuka.

Njia hii isipite kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomeka vifaa bila solda). Vile vishikio vidogo havibebi ampia 7, vinayeyuka plastiki. Bredibodi ni ya sensa na Arduino tu. Huku solda, au tumia konekta za skrubu.

Geti: kutoka pini ya Arduino pitia rezista ya 220, alafu weka 10k kutoka geti kwenda graundi. Hiyo 10k wengi wanaiona urembo. Arduino ikiwa inaamka pini zake zinaelea, hazina volti ya uhakika, geti nalo linaelea, mosfeti inafunguka yenyewe, na koili inapata moto kabla programu haijaanza.

Sasa dayodi. Koili ikizimwa haikubali umeme ukatike, inapandisha volti mpaka ipate pa kupitia, na isipopewa njia inapita kwenye mosfeti. Hapo ndo mosfeti zenu tatu zilipofia. Mguu wa dayodi usio na mstari uende dreni, wenye mstari uende kwenye rezista ya omu 3.3, na rezista iende chanya ya kapasita.

Kwanini rezista? Koili hii ina kama milihenri 1 (kipimo cha jinsi koili inavyogomea umeme kubadilika). Ukiweka dayodi peke yake umeme unazunguka humo na kufifia taratibu, milisekunde 2 hivi mpaka uishe. Gololi ikiwa na kasi ya mita 3 kwa sekunde hizo ni mm 6, ile akiba yako ya mm 7 karibu yote imeliwa. Ukiongeza omu 3.3 inashuka kuwa kama nusu milisekunde. Watu wanahangaika na sensa wiki nzima kumbe tatizo ni rezista moja ya bei ya pipi.

Hatua 5: Programu

Haizidi mistari ishirini. Soma sensa. Ikiwa imezibwa washa koili na kumbuka saa. Ikifunguka zima. Na kama imebaki imezibwa zaidi ya milisekunde 40, zima hivyo hivyo, na usiwashe tena mpaka mwanga ufunguke kwanza.

Huo mstari wa milisekunde 40 usiufute hata ukiona unakusumbua. Gololi ikizunguka, koili inawaka mm 10 kati ya mm 1000 za duara, asilimia 1 ya muda, haifiki hata wati 1 kwa wastani, mosfeti haihitaji hata heatsinki (bati la kupoza). Lakini gololi ikisimama mbele ya sensa, koili inakula karibu wati 90 mfululizo, na shaba yake ya gramu 33 inapanda kama nyuzi 7 kila sekunde. Yangu ya kwanza haikuwa na huo mstari. Nilienda kupokea simu, nikarudi kwa harufu ya vanishi, paipu imelegea ikaikumbatia gololi kama chapati, nikakata kila kitu na kisu. Fyuzi ilikuwa nzima kabisa, maana ampia 7 kwenye fyuzi ya 5 zinaweza kukaa dakika nzima. Fyuzi ni ya shoti, koili inalindwa na programu.

Na usiandike data kwenye skrini ya kompyuta ndani ya mzunguko wa programu. Kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde herufi moja inachukua kama milisekunde 1, foleni ikijaa programu yote inasimama kusubiri na koili inazimwa imechelewa.

Hatua 6: Jaribu na taa, sio na koili

Toa koili, weka ile taa ya indiketa mahali pake. Washa Arduino kwanza kwa USB, graundi yake ikiwa imeungwa na graundi ya betri, ndo uunge betri. Taa isiwake. Ziba mwanga wa sensa kwa kidole, taa imulike mara moja alafu izime yenyewe. Toa kidole, rudisha, imulike tena. Kama inabaki imewaka, umeshaokoa koili. Hapa ndo pa kukosea, taa haijali.

Hatua 7: Izungushe

Rudisha koili. Vaa miwani, maungio yakifunguka gololi inatoka mbio na inapasua kioo cha simu vizuri tu. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani akae mbali. Inamisha ubao gololi ianze kubingirika kuelekea kwenye sensa, isubiri. Ikipita utaiona inaruka mbele. Kwa koili moja inachukua raundi kadhaa kuchangamka, yangu ilitulia kwenye raundi 2 na ushee kwa sekunde. Ndo usogeze koili mm 1 mm 1, mbele na nyuma, ukisikiliza mlio. Mlio ukipanda umepata.

Koili ya pili iweke upande wa pili wa duara, na sensa yake, mosfeti yake, dayodi yake. Usiifunge sambamba na ya kwanza kwenye mosfeti moja ili kupunguza gharama, zitawaka pamoja wakati gololi iko kwenye moja tu.

Usiguse hizi

Kapasita za flashi ya kamera za volti 300 na kitu, transfoma ya maikrowevu, umeme wa ukutani uliopitishwa dayodi. Najua video zote zinatumia hizo. Kapasita ya flashi inabaki na chaji muda mrefu baada ya kuitoa na inakupiga kupitia kifua. Transfoma ya maikrowevu haikupi nafasi ya kujifunza. Profesa Kristian Birkeland wa Norwe alijenga mzinga wa koili mwanzoni mwa karne ya 20, mwaka 1903 akaita wageni waje kuuona, ukapiga shoti mbele yao kwa mwale na kishindo. Yeye alitoka na faida, cheche ile ikamwelekeza kwenye tanuru la kutengeneza mbolea na kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa 1905. Wewe utatoka na kidole kilichoungua.

Ikigoma

*Gololi inasimama katikati ya koili au inatetemeka hapo.* Unazima umechelewa. Sogeza sensa mbali na koili mm 2 zaidi, angalia rezista ya 3.3 kama ipo kweli, angalia kama umeweka sensa upande gololi inakoingilia.

*Koili mbili zinaenda polepole kuliko moja.* Ya pili inavuta nyuma. Chomoa ya kwanza, irekebishe ya pili peke yake, ndo uziunganishe.

*Usiku inafanya kazi, mchana inagoma.* Jua. Lina infraredi nyingi kuliko LED yako. Funika fototransista vizuri au hamisha meza.

*Arduino inajiwasha upya kila koili ikiwaka.* Umeichukulia umeme kwenye 12V ile ile na volti zinaporomoka. Iache kwenye USB au benki ya chaji, graundi tu ndo ziungane. Pia waya wa graundi wa Arduino uende moja kwa moja kwenye hasi ya kapasita, usiufunge katikati ya njia ya ampia 7.

*Mosfeti inachemka.* Umenunua ile isiyo na L, au dayodi imegeuka, au imeshakufa. Pima dreni na sosi bila umeme, ikilia piiip pande zote mbili ni maiti.

*Gololi imekuwa inashika misumari.* Chuma cha beringi kinabaki na usumaku kidogo, ni kawaida, haizuii kitu.

*Naweza kupeleka 24V?* Piga hesabu kwanza. Kwa 12V koili inapitisha ampia 7 na kidogo, wakati wa kuzima rezista inapata volti 23 hivi, jumlisha 12 za betri, dreni inaona 36. IRLZ44N inavumilia 55, uko salama. Kwa 24V ampia zinakuwa 15, rezista inapata karibu 50, jumlisha 24, imefika 74 na mosfeti imekwenda siku ya kwanza. Kapasita zako za volti 25 nazo zinakaa ukingoni. Ukitaka 24V badilisha kwanza mosfeti iwe ya volti 100 ambayo bado inafunguka kwa volti 5, kapasita za volti 50, na uangalie upya maungio ya paipu maana sasa gololi itakuwa inayagonga kwa hasira.